Maombi Yakae Katikati ya Ajenda

Vikao vingi vya kanisa vina sura moja. Mwenyekiti anamwomba mzee mmoja afungue kwa sala, sala inachukua dakika mbili, kisha zinafuata saa tatu za mabishano juu ya viti, sare za kwaya na deni la vipaza sauti. Mwishoni mtu mwingine, tayari amesimama, anafunga kwa sala fupi zaidi ya ile ya kwanza. Katibu ataandika kwamba kikao kilifunguliwa na kufungwa kwa sala, na atakuwa ameandika kweli. Lakini kati ya maamuzi yote yaliyopitishwa humo, hakuna hata moja lililoombewa.

Upande wa pili nao upo. Kanisa linatangaza mkutano wa injili, watu wanafunga siku saba, wanakesha, wanamlilia Mungu kwa moyo wa kweli. Zikiwa zimebaki siku tatu, ndipo inagundulika kwamba kibali cha uwanja hakijaombwa, fundi mitambo ameshachukuliwa na watu wengine, na hakuna aliyepangwa kuwapokea watakaookoka. Aliyeuliza mambo haya mapema aliambiwa aache kutumia akili, amwachie Mungu.

Ushauri unaotolewa sana ni kwamba tuweke uwiano: tuombe kiasi, tupange kiasi. Mimi siukubali. Maombi na mipango havigombanii saa zilezile. Kikao cha kwanza hakiponi kwa kuongezewa dakika tano za sala ya kufungua, na kanisa la pili haliponi kwa kupunguziwa mkesha. Kinachokosekana kote kuwili ni mahali pa kukutana: maombi hayafiki pale uamuzi unapofanyika, na uamuzi haufiki pale watu wanapoomba. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: katika kazi hii iliyo mbele yetu, maombi yanaingia wapi hasa, siku gani, yakiongozwa na nani, na yakiwa na habari gani mkononi?

Miezi minne ya Nehemia

Nehemia hutajwa sana kwenye semina za uongozi, lakini mara nyingi kwa haraka, kama mfano wa mjenzi hodari. Inafaa kumsoma polepole. Habari za Yerusalemu, kwamba ukuta wake umebomolewa, zilimfikia mwezi wa Kisleu, akiwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Akalia, akafunga, akaomba. Nafasi ya kusema na mfalme Artashasta ilipatikana mwezi wa Nisani, miezi minne baadaye. Mfalme alipomuuliza anataka nini, andiko linasema alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akajibu (Nehemia 2:4–5). Sala ile haikuweza kuzidi sekunde chache. Alikuwa amesimama mbele ya mfalme akiwa na divai.

Sasa tazama jibu lake. Mfalme anauliza safari itachukua muda gani, naye anataja muda. Anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe salama. Anaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ya kupewa miti. Anajua miti hiyo ni ya nini: milango ya ngome, ukuta wa mji, na nyumba atakayokaa mwenyewe. Mtu hatoi majibu ya namna hiyo papo kwa papo. Inaonekana wazi kwamba katika ile miezi minne ya kufunga alikuwa pia akiwaza njia, vibali na mbao. Maombi yake yalikuwa yakizaa orodha.

Akifika Yerusalemu anakaa siku tatu, kisha anatoka usiku na watu wachache na mnyama mmoja, anakagua ukuta kwa macho yake kabla hajamwambia mtu yeyote. Sura ya 3, ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu ya majina, ni ratiba ya kazi: nani anajenga sehemu gani, na baadhi yao wamepewa sehemu iliyo mbele ya nyumba zao wenyewe, mahali ambapo hawangevumilia ukuta dhaifu. Maadui wanapotishia, wanaomba na kuweka walinzi mchana na usiku (4:9). Katikati ya vitisho anaomba Mungu aitie nguvu mikono yake (6:9). Ukuta ulimalizika tarehe 25 ya Eluli, kwa siku 52.

Sala ya sekunde chache mbele ya mfalme ilitegemea miezi minne iliyotangulia. Viongozi wengi wanaipenda ile sala ya haraka, na ni sala halali kabisa, ila wanaitumia kufunika miezi ambayo hawakuomba wala kufikiri.

Ndani ya kikao chenyewe

Chukua kikao cha kawaida cha baraza la wazee, saa mbili na nusu. Ajenda zigawanywe mapema katika mafungu matatu. Taarifa zinaandikwa na kutumwa siku tano kabla. Hazisomwi tena kikaoni. Mambo ya utekelezaji, kama kununua balbu au kurekebisha bomba, anaachiwa mhusika mwenye fungu lake la bajeti. Yanabaki maamuzi, na hayo yasizidi manne au matano. Kikao chenye ajenda 14 hakina nafasi ya maombi hata kama watu wote ni waombaji, kwa sababu kila mtu anatazama saa.

Dakika 30 za kwanza ni Neno, shukrani na ukimya. Kama kuna wawili ambao kila mtu anajua hawasemezani, Mathayo 5:23–24 imeshatoa utaratibu: upatanisho kwanza. Kuendelea na ajenda juu ya ugomvi ulio wazi ni kupoteza muda, maana kila hoja itakayofuata itakuwa ni ugomvi uleule umevaa nguo nyingine.

Kisha kwa kila uamuzi: anayehusika anatoa maelezo kwa dakika 10, watu wanauliza maswali ya kufahamu tu, halafu mnasimama. Mnaomba dakika tano hadi saba, mbili kati ya hizo za kimya. Ndipo mjadala unafunguliwa. Mpangilio huu una sababu. Mkiomba kabla ya kupata maelezo, sala inakuwa ya jumla, "Bwana tuongoze," bila mtu kujua anaongozwa katika nini. Mkiomba baada ya mjadala kuwa mkali, watu huanza kuhubiriana kwa kisingizio cha sala: "Bwana, wafungue macho ndugu zangu." Nafasi iliyo bora ni pale habari zimejulikana na misimamo haijaganda.

Mkigawanyika, na jambo linaweza kusubiri, msikimbilie kura. Ahirisheni siku saba, mpeni mtu mmoja swali moja la kulitafutia jibu, na wote mkaombe juu ya swali hilohilo. Mkirudi mkiwa bado mmegawanyika, fuateni katiba ya kanisa lenu na mwandike sababu za pande zote.

Hapa nitasema jambo ambalo si zuri kulisema lakini ni kweli. Katika makanisa mengi, "tuliombee" limekuwa jina la heshima la kuzika hoja. Mtu analeta jambo gumu, mwenyekiti anasema tuliombee, na haliombewi wala halirudi. Dawa yake ni ndogo: kila "tuliombee" liandikwe na tarehe ya kurudi na majina ya watakaoomba. Tena yapo mambo ambayo Mungu ameshayasema na hayahitaji kuombewa ndipo yatendeke. Mishahara ya mhudumu na mlinzi ilipwe kwa wakati; Yakobo 5:4 inatosha. Mtoto akidhurika mikononi mwa mtumishi, alindwe siku hiyohiyo na taarifa ifike kwa mamlaka. Kukesha ili kujua kama tutii ni kuchelewesha utii.

Mtu akisema Bwana amesema naye

Mipango mingi hukwama au kupinduliwa na sentensi moja: Bwana amesema nami. Wanaoamini kwamba Mungu husema hawawezi kuidharau, na hawapaswi. Lakini Maandiko yenyewe yanataka yanenwayo yapambanuliwe (1 Wakorintho 14:29) na yajaribiwe (1 Wathesalonike 5:20–21), na hakuna mahali panapomwondoa mchungaji katika kujaribiwa huko.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Nathani. Daudi alimweleza nia ya kujenga nyumba ya Mungu, Nathani akamjibu afanye yote yaliyo moyoni mwake, kwa maana Bwana yu pamoja naye. Usiku uleule neno la Bwana likamjia Nathani kumrudisha (2 Samweli 7:3–5). Alikuwa nabii wa kweli, akizungumza na mfalme mcha Mungu, juu ya jambo jema, na bado alijibu haraka kuliko alivyotumwa. Usiku mmoja tu ulitosha kurekebisha. Kanisa ambalo halina huo usiku mmoja kati ya ufunuo na utekelezaji linajiweka hatarini.

Utaratibu unaofaa ni huu. Neno liandikwe kama lilivyosemwa, na tarehe. Wazee wapewe wiki mbili. Waulize kama linakubaliana na Maandiko, kama linathibitishwa na wengine ambao hawakuambiwa waseme nini, na nani atakayebeba gharama zake. Swali la mwisho hufichua mengi: ufunuo unaompa msemaji cheo na kuwapa wengine mzigo wa kulipa unastahili kusubiri kuliko wiki mbili. Kisha msemaji aulizwe kama yuko tayari kuleta pendekezo lilelile kwa sababu za kawaida, bila kutaja kwamba ametumwa. Aliyesikia kweli hapotezi kitu kwa kufanya hivyo.

Waombaji na kamati wasikae nyumba mbili

Katika makanisa mengi, idara ya maombi hukutana Ijumaa usiku na kamati ya mipango hukutana Jumamosi mchana, na hakuna anayehudhuria kote. Mara nyingi wanaoomba ni akina mama na wanaopanga ni wanaume, kwa hiyo wale waliobeba mzigo kwa magoti hawaulizwi lolote, na wale wanaopitisha bajeti hawajawahi kuulilia huo mzigo. Huu mgawanyo umeharibu huduma nyingi kuliko ukosefu wa fedha.

Mwaka 1784 wachungaji wa Kibaptisti wa Northamptonshire, Uingereza, walikubaliana kwamba makanisa yao yakutane mara moja kwa mwezi, kwa saa moja, kuombea kuenea kwa injili. Miaka minane baadaye, 1792, William Carey, mmoja wa wahubiri wa mzunguko huohuo, alichapisha kijitabu chenye majedwali ya nchi za dunia: ukubwa wake, idadi ya watu na dini zao. Sehemu yake ya mwisho inataka mambo matatu pamoja: maombi ya umoja, chama chenye kamati, na mchango wa kila wiki ambao hata maskini angeuweza, peni moja. Chama kiliundwa mwaka huohuo, na 1793 Carey akasafiri kwenda India. Majedwali yale yalitoka kwa watu waliokuwa wakiomba, na waombaji walipata kitu cha kuombea kwa majina.

Kwa kanisa lolote hatua mbili zinatosha kuanza. Mwakilishi mmoja wa waombaji aingie katika kamati akiwa mjumbe kamili, mwenye haki ya kuuliza na kupiga kura. Na kila Jumatatu katibu wa kamati awatumie waombaji nusu ukurasa: kilichofanyika wiki iliyopita, kinachofuata, kilichokwama, na maombi yasiyozidi matano. Maombi hayo yawe mahususi. "Bwana, ibariki huduma ya watoto" haliwezi kujibiwa kwa namna ambayo mtu ataona. "Tunahitaji walimu wanne wa darasa la miaka 6 hadi 9 kabla ya mwezi wa tatu, tunao wawili" linaweza. Mwombaji anayejua namba hiyo huanza pia kuangalia ibadani ni nani anayependa watoto.

Mambo ya siri hayaingii katika karatasi hiyo. Ndoa inayoyumba, ugonjwa wa mtu, tuhuma dhidi ya mtumishi: haya yanaombewa na wachache waliokubaliwa na mhusika mwenyewe. Kikundi cha maombi kisichoweza kutunza siri kinageuka kuwa chanzo cha masengenyo, na watu huacha kuleta mahitaji yao.

Mkutano wa injili, wiki 12

Nitachukua kazi moja nioneshe maombi yanavyoingia ndani ya ratiba. Wiki ya 12 kabla ya mkutano ni ya kuomba juu ya maswali ya msingi: tufanye au tusifanye, wapi, kwa ajili ya nani. Lakini wiki hiyohiyo watu watatu wanazunguka eneo. Wanatazama watu hupita saa ngapi, kuna hospitali au shule karibu ambayo sauti itaisumbua, kuna shughuli gani nyingine tarehe hizo, na kanisa gani tayari linafanya kazi pale. Wanaleta taarifa siku ya nne, ili siku tatu za mwisho za maombi ziwe na habari mkononi. Uamuzi unafanyika mwishoni mwa wiki hiyo.

Wiki ya 10 barua ya kibali imeshapelekwa, mhubiri ameshaandikiwa, makisio yameshapitishwa. Kisha zinawekwa tarehe tatu za kupima: wiki ya 8, wiki ya 4 na wiki ya 1. Kila tarehe ina masharti yaliyoandikwa mapema. Kwa mfano, wiki ya 8: kibali kiwe cha maandishi, mhubiri awe amethibitisha, na nusu ya makisio iwe imeshapatikana. Kila tarehe ya kupima ina jioni ya maombi, masharti yakisomwa kwa sauti. Kama sharti halijatimia, mnajua mnaomba nini, na mnajua pia mtaamua nini lisipotimia.

Sehemu inayoharibika kuliko zote ni ile ya baada ya wito. Watu 60 wanakuja mbele, wanaombewa kwa pamoja, wanapigiwa makofi, wanarudi nyumbani, na Jumapili wanaonekana watatu. Kosa halikuwa katika maombi ya mkutano. Hapakuwa na watu wala karatasi. Weka mshauri mmoja kwa kila watu watano. Mkitarajia 60, andaeni 12 na wengine watatu wa akiba, wanawake na wanaume, na kila mmoja apitie mafunzo ya vipindi vitatu vya saa mbili. Kadi iwe ndogo, ya kujazwa kwa dakika mbili: jina, namba ya simu, mtaa na alama ya karibu ya kumfikia, hitaji alilotaja, jina la mshauri. Anayejaza ni mshauri, kwa kalamu yake, kwa sababu mtu anayelia hawezi kuandika, na wengine hawajui kusoma na wataona aibu kusema. Kadi zinakusanywa usiku uleule na mtu mmoja, majina yanaandikwa kwenye daftari kabla ya kulala, na kufikia asubuhi waombaji wana majina ya kwanza na mahitaji, bila namba za simu. Mshauri anapiga simu ndani ya saa 48 na kumtembelea ndani ya siku saba. Simu ikikosekana, ule mtaa na alama ndivyo vitakavyomfikisha.

Kuhusu mkesha na kufunga, busara ya mwili inahitajika. Usiweke mkesha usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya mkutano. Watu walewale wanaokesha ndio watakaofunga nyaya, kubeba viti na kushauriana na watu hadi usiku. Mkesha uwe siku tatu au nne kabla. Wanaofanya kazi nzito siku ya maandalizi wale. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo na wanaotumia dawa za kila siku wasisukumwe kufunga chakula wala wasionwe wana imani ndogo. Wanaweza kujinyima kitu kingine. Eliya alipochoka hata kutaka kufa, kabla ya kusikia sauti ile ndogo ya utulivu alilala usingizi, na malaika akamwamsha ale mara mbili (1 Wafalme 19:5–8).

Fedha za imani

Bajeti ya huduma igawanywe katika safu tatu: fedha zilizopo, fedha zilizoahidiwa na watu wanaojulikana, na fedha zinazoombewa. Safu ya tatu ni halali, na kanisa lisilo nayo huenda halijaribu chochote kinachozidi uwezo wake. Ila kuna kanuni moja ya kushika bila kulegea: mkataba haufungwi juu ya safu ya tatu. Kumkodi mtu vyombo kwa fedha ambazo Mungu bado hajaleta ni kumfanya mwenye vyombo ashiriki imani ambayo hakuulizwa kama anayo. Akikosa kulipwa, jina linalochafuka ni la Kristo.

George Müller, aliyeanza kulea yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, anakumbukwa kwa kumwomba Mungu mahitaji bila kuwaomba watu fedha. Husahaulika kwamba alitunza hesabu kwa uangalifu mkubwa, akachapisha taarifa za mapato na matumizi mwaka hadi mwaka, na alikataa madeni. Nyumba ya kwanza ya Ashley Down, iliyofunguliwa 1849, haikuanza kujengwa mpaka fedha za kuijenga zilipokuwa zimepatikana. Anayetaka kuishi kwa imani ya Müller aichukue na daftari lake la hesabu.

Paulo naye, alipobeba mchango wa makanisa, hakuubeba peke yake. Aliwatuma ndugu kadhaa pamoja, akasema anaepuka kulaumiwa (2 Wakorintho 8:18–21). Kwa hiyo sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu wasio wa familia moja, siku hiyohiyo, waweke sahihi, na fedha iliyotolewa kwa misheni isijenge uzio. Kuhamisha mafungu kimyakimya kwa sababu "yote ni kazi ya Mungu" ndiko kunakoanza kuvunja imani ya watoaji.

Mpango ukikataa

Wengi wanaogopa kupanga kwa kudhani mpango unamfunga Roho. Matendo 16 inaonesha vingine. Paulo na wenzake walikuwa njiani. Walikatazwa kulinena neno Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa, wakashuka Troa, na huko akaona maono ya mtu wa Makedonia. Luka anasema mara walitafuta njia ya kwenda, wakiwa wamekwisha kuona hakika, wote, kwamba Mungu amewaita. Mwelekeo uliwajia watu wenye safari, nao wakaupima pamoja, wakaenda kutafuta chombo cha kusafiria.

Ugumu mkubwa ni kutofautisha mlango uliofungwa na mlango wenye upinzani. Paulo anaandika kwamba atakaa Efeso hadi Pentekoste kwa sababu amefunguliwa mlango mkubwa, na papo hapo anataja kwamba wapo wengi wampingao (1 Wakorintho 16:8–9). Upinzani peke yake hauthibitishi lolote. Zile tarehe tatu za kupima husaidia hapa, kwa sababu masharti yaliandikwa wakati mioyo imetulia. Kibali kikinyimwa kwa sababu ya kisheria iliyo wazi, badilisheni mahali. Kikicheleweshwa tu, fuatilieni ofisini na mwendelee kuomba. Fedha zisipofika kiasi mlichoandika, punguzeni siku kutoka tano hadi tatu kabla ya kufikiria kukopa. Na mkibadilisha, waelezeni washarika kwa nini. Paulo alilazimika kuwaeleza Wakorintho alipobadilisha safari, maana walianza kumwona kigeugeu (2 Wakorintho 1:15–17).

Maombi yanayomfundisha mchungaji kukataa

Kupanga ni kuchagua, na kalenda nyingi za kanisa zimejaa kwa sababu hakuna aliyekataa kitu. Marko 1:35–38 inaeleza Yesu alivyoondoka alfajiri kwenda kuomba. Wanafunzi wanamfuata na habari ambayo mhubiri yeyote angeifurahia: watu wote wanakutafuta. Anawajibu waende mahali pengine, vijiji vya jirani, ahubiri huko nako. Alitoka katika maombi akiwa na nguvu ya kuacha umati unaomtaka.

Saa za maombi za mchungaji ziandikwe katika kalenda kama ahadi nyingine, na katibu wake au familia yake wazijue. Zisipoandikwa zitaliwa na simu. Kisha katika mpango wa mwaka pawe na kanuni: huduma mpya haiingizwi mpaka itajwe ile itakayopumzishwa, au watu wapya watakaoibeba. Mitume katika Matendo 6 walifanya hivyo. Walikataa kuhudumu mezani, na papo hapo wakataka watu saba wachaguliwe ili wajane wale. Mtu anayekataa kazi kwa jina la maombi bila kuhakikisha wajane wamekula hajaiga mitume.

Baada ya kazi

Tathmini ifanyike ndani ya siku saba, dakika 90, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Anzeni na shukrani zenye majina. Kisha namba: waliohudhuria, kadi zilizojazwa, waliopigiwa simu, waliotembelewa, fedha zilizotumika kulinganisha na makisio. Rudieni namba za waongofu baada ya miezi mitatu, maana hapo ndipo huonekana waliobaki. Kisha yaliyoharibika, na kila moja litafutiwe sababu yake halisi. Vita vya kiroho vipo, na Waefeso 6 haina mzaha. Lakini umeme ukikatika na jenereta haina mafuta kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuyanunua, andikeni jina la kazi hiyo katika orodha ya mwaka ujao. Kumtwika shetani uzembe wetu kunatuzuia kutubu na kurekebisha.

Mwisho lifunguliwe daftari la maombi, lile lenye tarehe, ombi, kazi linalohusiana nayo, na jibu. Yaliyojibiwa yasomwe mbele ya kanisa. Yasiyojibiwa yapitiwe moja moja na wazee pamoja na waombaji, na kila moja liamuliwe: tunaendelea nalo kama lilivyo, tunalibadilisha kwa sababu tumejifunza kitu, au tunaliachilia kwa Mungu na kuacha kulipangia kazi. Yale ya kuendelea yahamishiwe ukurasa wa kwanza wa mpango unaofuata, juu ya bajeti, pamoja na majina ya watakaoyaomba na siku ya kwanza ya kukutana.